Mwale Mmoja Uwe Imamu

Usiguse tena skrubu hizo, mwanangu, mpaka umalize kunisikiliza. Unasema kila Jumatatu rangi zimeachana: nyekundu imekaa pembeni ya kijani, ya urujuani haijulikani iko wapi, na wewe unainama juu ya meza mpaka usiku wa manane ukizirudisha mahali pake. Jumatano zimetulia, Ijumaa unafurahi, Jumatatu mambo ni yale yale. Sishangai. Haya nimewaambia waliokutangulia huko Ujerumani, wengine wao leo ni maprofesa wenye mvi kunizidi mimi, na naona wamekurithisha nusu nusu. Basi nitayarudia. Umri wangu huu hauna tena nguvu ya kumfokea mtu kwa ajili ya kioo.

Ujue kwanza umekabidhiwa nini. Meza yako ina leza nne, za nanomita 405, 488, 561 na 640, na zote zinatakiwa ziingie katika hadubini kwa njia moja. Mtafiti anapaka kila sehemu ya seli rangi yake, kisha anakuja kwako kutaka kujua kama protini hii hukaa mahali pamoja na ile. Kijani na nyekundu zikiangukiana katika picha, ataandika kwamba zinakaa pamoja. Zikipishana, ataandika kwamba hazikai pamoja. Sasa kama uliopishana ni mwale wako, huyo mtu ataandika habari za meza yako akidhani anaandika habari za seli. Hatakuja kukulaumu, maana hatajua. Ndiyo sababu nakusihi usiichukulie kazi hii kuwa ya fundi wa kukaza nati.

Wazee wetu katika ufundi huu walikuwa na nafuu ambayo nyinyi hamnayo. Maiman alipowasha leza ya kwanza duniani tarehe 16 Mei 1960, katika maabara za Hughes kule Malibu, California, alikuwa na fimbo moja ya rubi na rangi moja, nyekundu ya nanomita 694. Hakuwa na mwale wa pili wa kuulinganisha nao. Mwaka 1964 Bridges, katika maabara zile zile za Hughes, akaleta leza ya argoni, na hiyo ilitoa rangi kadhaa kwa mpigo kutoka bomba moja: 488, 514 na nyinginezo. Zilizaliwa zimeshikana. Bomba lile lilikula kilowati za umeme na maji ya kupoza ili litoe wati chache za mwanga, tulililaani kila siku, lakini halikutusumbua kwa kulinganisha rangi zake. Leo kila rangi ina kiboksi chake kidogo, baridi, kisicho na kelele, na kazi ambayo bomba lilikuwa linaifanya lenyewe imehamia mikononi mwako.

Kosa lako la kwanza liko hapa, na nimeliona katika maelezo yako mwenyewe. Umeandika kwamba uliisogeza kijani ikutane na nyekundu, kisha ukaisogeza nyekundu kidogo ikutane na urujuani, halafu ukairudia kijani. Mwanangu, sala ya jamaa haiendi kwa kila mtu kumtazama jirani yake na kusogea. Yuko imamu mbele, na maamuma hawamfuati maamuma mwenzao. Chagua mwale mmoja uwe imamu. Uuelekeze mara moja, kwa uangalifu wako wote, kisha skrubu zake uzifunge na uzibandikie karatasi ya kukataza mikono, na ya kwako ikiwa ya kwanza. Miale mitatu iliyobaki ndiyo itakayosogezwa kuufuata huo mmoja, kila mmoja kwa vioo vyake wenyewe.

Uchague upi? Chagua ule unaotoka mwisho kabisa wa meza na kupenya vioo vyote vya kuchuja rangi, vile vinavyounganisha miale, bila kukunjwa na hata kimoja. Usiuchague kwa kuwa unapendeza macho. Kuna sababu. Kila kioo cha kuchuja kimesimama kwa nyuzi 45, na mwanga unaopenya kioo kilichoinama hutoka upande wa pili ukiwa sambamba na ulivyoingia lakini umesogea pembeni, karibu theluthi moja ya unene wa kioo. Kioo cha milimita 3 kitausogeza milimita moja nzima. Vikiwa vitatu na vyote vimeinamia upande mmoja, umeshasogea milimita tatu kabla hujagusa kitu. Kwa hiyo usithubutu kuuelekeza imamu meza ikiwa tupu, ukaja kupachika vioo baadaye. Pachika vyote kwanza, hata vya leza ambazo hazijafika kutoka kiwandani, ndipo uanze.

Sasa hili la vioo viwili. Watu hulisikia siku ya kwanza, wanaitikia, halafu hawalifanyi. Mwale una mambo manne ya kurekebisha: mahali ulipo, kushoto-kulia na juu-chini, na upande unakoelekea, kushoto-kulia na juu-chini. Kioo kimoja kina skrubu mbili tu. Ukiwa na kioo kimoja unaweza kuulazimisha mwale upite katika kitundu kimoja, na utapita, na utaona raha, lakini hujui unapita ukiwa umenyooka au ukiwa umekatiza. Miale miwili kukutana mahali pamoja si sawa na miale miwili kusafiri pamoja. Iliyokutana tu, hatua mbili mbele imeshapishana.

Weka vitundu viwili, kimoja karibu na kingine mbali, mbali kadiri meza inavyokuruhusu. Kioo cha kwanza, kile kilicho karibu na leza, kitumie kuufikisha mwale katika kitundu cha karibu. Kioo cha pili kitumie kuufikisha katika kitundu cha mbali. Rudi kwenye cha kwanza, maana kimeharibika kidogo. Kisha cha pili. Kila mzunguko kosa linapungua, na mwishoni mkono wako unatetemeka zaidi kuliko mwale wenyewe. Ukibadilisha zamu, kioo cha kwanza ukakipa kitundu cha mbali, kosa litakua kila mzunguko badala ya kupungua, na hapo ndipo vijana huanza kusema kwamba kishikio ni kibovu. Kishikio ni kizima. Kumbuka pia kwamba kioo kikigeuka kwa pembe fulani, mwanga hugeuka kwa mara mbili yake: miliradiani moja ya kioo ni milimita mbili za mwale umbali wa mita moja. Skrubu haitaki nguvu, inataka subira, na ufike kwenye lengo kila mara ukitokea upande ule ule, kwa kuwa springi na grisi haziachii zote kwa wakati mmoja.

Kama chumba ni kidogo na huna mbali pa kuweka kitundu, lenzi itakupa huo umbali. Pembe yoyote ya mwale, ukiipitisha katika lenzi, hugeuka kuwa mahali katika fokasi. Weka lenzi ya milimita 300 na kamera kwenye fokasi yake: mikroradiani 10 za kosa la pembe zinakuwa mikromita 3 juu ya kamera, na kamera ya kawaida inaliona hilo bila shida.

Na kanuni hiyo hiyo ndiyo inayokuhukumu ndani ya hadubini, kwa hiyo iache ikae kichwani. Lenzi ya kukuza mara 100 ina fokasi ya milimita 2 hivi. Mwale ukiingia mlangoni pake umepotoka mikroradiani 100, kwenye seli utatua nanomita 200 mbali na imamu. Mikroradiani 100 ni unene wa karatasi ya kuandikia ukiutazama ukiwa mita moja. Nanomita 200 nazo ndizo kipimo ambacho Ernst Abbe alikionyesha tangu 1873 kwamba hadubini ya kawaida haioni vizuri chini yake. Yaani upotovu wa unene wa karatasi unatosha kukuletea picha ya uongo. Hiyo ni pembe. Mwale ulio sahihi kwa pembe lakini umeingia pembeni ya mlango wa lenzi una ugonjwa mwingine: unaishukia seli kwa mshazari. Utautambua kwa kupandisha na kushusha fokasi taratibu. Rangi moja ikifika na kuondoka wima na nyingine ikateleza upande, usiguse pembe. Mahali ndipo palipokosewa.

Vua saa yako. Nalisema hapa katikati ili usiliruke. Saa, pete, bangili, kalamu ya chuma mfukoni: chochote king'aacho kinaweza kuurushia mwale njia ambayo hukuipanga. Punguza nguvu hadi ya chini kabisa unapoelekeza, vaa miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi unayoishughulikia na si ya rangi nyingine, na usiinamishe kichwa kufika usawa wa miale hata kama kimeanguka kitu chenye thamani. Kiache pale. Zima, kisha okota. Mwale ulio ukingoni mwa kuonekana, kama ule wa nanomita 775, ndio mbaya zaidi, kwa sababu jicho linauona hafifu na kope hazikimbilii kufunga.

Nimeutaja wa 775 kwa kuwa umesema mwakani mtaongeza meza ya aina ya Stefan Hell. Wazo lake lilimjia akiwa Turku, Ufini, akalichapisha na Jan Wichmann mwaka 1994, kisha akalikuza Göttingen mpaka likamletea Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 pamoja na Betzig na Moerner. Mwale wa kwanza huamsha mwanga wa rangi zilizopakwa. Wa pili, ulioumbwa kama pete yenye giza katikati, huuzima mwanga huo kila mahali isipokuwa kwenye lile giza. Kinachobaki kinawaka ni kidogo mno, makumi ya nanomita. Ni uzuri wa ajabu, lakini angalia unadai nini. Giza la pete likisogea nanomita chache tu kutoka katikati ya mwale wa kwanza, picha inaanza kufifia. Likisogea makumi, pete inazima kile kile ulichotaka kukiona. Pale hutaambiwa kwamba rangi zimepishana. Utaona tu picha dhaifu, na utaanza kuilaumu sampuli. Kwa hiyo wenzetu hutawanya vijipunje vya dhahabu vyenye upana wa nanomita 100 hivi juu ya kioo, wakatazama kila mwale unavyorudi kutoka kwenye kipunje kile kile. Fanya hivyo kila asubuhi kabla mtafiti hajaingia, na umwonyeshe akitaka.

Wengine wao walichoka, kama mimi, wakaacha kushindana na skrubu. Walipitisha rangi zote mbili katika fiba moja, na mwishoni wakaweka kipande cha fuwele kinachoigeuza rangi moja kuwa pete huku kikiiacha nyingine kama ilivyo. Miale iliyotoka mlango mmoja na kupita lenzi zile zile haina pa kuachania. Hiyo ndiyo akili ninayoipenda: kuondoa nafasi ya kosa badala ya kulikimbiza.

Nawe unaweza kuitumia fiba kwenye meza yako ya sasa, ila usidanganyike nayo. Kiini cha fiba ya mwanga huu ni mikromita 3 au 4 tu. Kila kinachotoka upande wa pili kimetoka katika kitundu hicho, kwa hiyo rangi nne zinatoka njia moja zipende zisipende. Lakini mwale unaohama mlangoni mwa fiba hauponi. Mwanga unaoingia unapungua, basi. Ulichokuwa unakiona kama picha kupishana utakiona kama mwanga kupungua. Ni biashara nzuri, naikubali, kwa kuwa mwanga uliopungua mtu anaupima na picha iliyopishana humdanganya. Ila vioo viwili na vitundu vyake bado unadaiwa kabla ya fiba. Na lenzi ya kunyooshea mwanga baada ya fiba iwe imetengenezwa kwa rangi zote nne, maana lenzi ya kipande kimoja haizipeleki 405 na 640 kwenye fokasi moja. Zitakuwa zimekaa katikati vizuri na bado moja iko juu ya seli na nyingine imezama ndani yake. Kutuama katikati hakutoshi, lazima na kina kiwe kimoja.

Sasa turudi kwenye Jumatatu yako. Kila siku nyingine umetulia, Jumatatu umevurugika. Mwanangu, hilo si tatizo la leza. Muulize msimamizi wa jengo kama mwishoni mwa juma hupunguza joto la vyumba. Naweka dau atasema ndiyo. Alumini hurefuka mikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kiguzo cha sentimita 10 kinapanda mikromita 2.3. Kama vioo vyako vyote vingesimama juu ya viguzo vya namna moja, vingepanda na kushuka pamoja na usingejua kitu. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba kioo cha kijani kimesimama juu ya kiguzo kirefu cha chuma ulichookota kabatini, kingine kipo juu ya alumini, na kimoja umekiinua kwa kipande cha plastiki. Kila kimoja kinapumua kwa kipimo chake. Sisemi ununue invari, aloi ambayo karibu hairefuki kwa joto, kwa kila kitu, ingawa Guillaume aliyeigundua aloi hiyo mwaka 1896 alipewa Nobel ya Fizikia mwaka 1920 na aliistahili. Weka viguzo vifupi, vinene, vya aina moja, vilivyobanwa chini kwa nguvu. Plastiki itupe leo.

Baada ya chuma, hewa. Feni ya kipoza-hewa inayopuliza juu ya meza huuyumbisha mwale, kwa sababu hewa ya joto na ya baridi hazipindishi mwanga sawasawa. Tofauti ni ndogo, kiasi cha sehemu moja kwa milioni kwa kila nyuzi, lakini mwale wako unapita mita mbili za hewa hiyo na wewe unataka nanomita. Funika. Hata boksi la mbao nyembamba lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye matundu ya miale, litafanya kazi ambayo watu huitafuta kwa kifaa cha bei ya gari. Na leza ziwashwe saa nzima kabla ya kuzipima. Anayepima leza iliyowashwa sasa hivi anapima inavyopata joto.

Ndipo tufike kwenye hicho kifaa cha kuushikilia mwale, unachotaka kukiombea fedha. Najua kinachofanya, na ni kizuri. Vioo vingi vya leza huvujisha mwanga kidogo nyuma yao. Kifaa hukusanya huo uliovuja, huupeleka kwenye sensa mbili, moja ikitazama mahali na nyingine, nyuma ya lenzi, ikitazama pembe. Kisha husukuma vioo viwili vyenye piezo, visukumio vidogo vya umeme, mpaka sensa zote mbili ziridhike, mara nyingi kwa sekunde. Ni vile vioo viwili vyako na vitundu viwili vyako, ila mkono si wako. Lakini kifaa kinashika kile kinachokiona tu. Sensa ikisimama juu ya kiguzo kibovu na kiguzo kikahama, kifaa kitauhamisha mwale kwa uaminifu mkubwa uifuate sensa, na taa ya kijani itawaka kukuambia kwamba yote ni shwari. Kioo kilicho baada ya sensa kikitikisika, hakitajua. Na rangi nne zikiiangukia sensa moja kwa wakati mmoja, itapima katikati ya zote nne kwa pamoja. Moja ikienda kushoto na nyingine kulia, kwake hakuna lililotokea. Sharti zifunguliwe kwa zamu, au kila moja iwashwe na kuzimwa kwa kasi yake ili sensa izitofautishe.

Tazama walio mbele yetu. Wale wa LIGO, wanaosaka mawimbi ya mvutano huko Livingston na Hanford kule Marekani, wana mikono ya kupitishia mwanga ya kilomita 4, na mwanga wao mkuu wa nanomita 1064 husaidiwa na wa kijani wa 532 unaopita njia ile ile kuishika mikono hiyo mpaka ule mkuu uchukue nafasi. Tarehe 14 Septemba 2015 wakalisikia wimbi la mvutano kwa mara ya kwanza. Elektroniki zao hazina kifani. Lakini kabla ya elektroniki waliving'iniza vioo vyao vya kilo 40 kwa nyuzi za silika, kila kimoja mwishoni mwa pendulamu ya ngazi nne, ndani ya utupu. Walinyamazisha kwanza kila kilichoweza kunyamazishwa kwa uzito na chuma, ndipo wakaipa elektroniki mabaki. Nyinyi mnataka elektroniki ianze, na plastiki ibaki.

Kwa hiyo ile barua ya kuomba fedha za kifaa irudishe kwenye droo. Omba viguzo, boksi na vipima-joto viwili, kimoja juu ya meza na kimoja ukutani. Juma la kwanza usirekebishe kitu: kila asubuhi piga picha ya vijipunje kwa rangi zote nne, andika joto, funga mlango. Ukiniletea karatasi hiyo tutaona nani anahama na nani anasingiziwa. Kijani naishuku. Ile ya urujuani isubiri; ukisema haijulikani iko wapi, kwa maelezo yako haijahama hata kidogo, ila nadhani lenzi yake ya kunyooshea imefungwa kinyumenyume.